Besi Ipi Iende Mjini

Mwenyekiti wetu wa tarumbeta akitaka kusema jambo anakohoa kwanza. Haumwi. Anakohoa kama mtu anayepiga hodi mlangoni kwake mwenyewe: "Khm. Khm-khm. Akina mama." Basi mimi nikiwa kihambani, shamba letu la nyumbani, nakata majani ya ng'ombe, nikiwaona wenzangu wamekaa chini wanapiga soga, najificha kwenye migomba nakohoa hivyo hivyo, na wote wanainuka mbio wakipangusa makalio. Nimewadanganya sana mpaka siku hizi akija mwenyewe hawainuki. Wanasema, "Acha hizo, bibi wewe, tumekuzoea."

Nimeanza na yeye kwa sababu shughuli yote ilianzia kwenye kikohozi chake.

Kanisa letu huku juu lina tarumbeta nyingi, za sauti ya juu na za katikati, ila besi ni mbili tu. Besi ndiyo lile dude la kukumbatia, mdomo wake unatazama juu kama unasubiri mvua. Watu wa mjini wanaiita tuba. Ile kubwa ililetwa na wageni wa Ujerumani, marafiki wa usharika wetu, ikaingia kanisani imefungwa blanketi kama mgonjwa. Ukiiketisha kwenye benchi inachukua nafasi ya mama mjamzito na mtoto wake mkubwa. Ile ndogo ni ya zamani, ndiyo aliyopiga marehemu mume wangu mpaka meno yakamkimbia. Imelehemiwa mahali pengi, na ubavuni ina bonyeo, hapo ndama wetu aliikanyaga. Ndama yule tulimla Krismasi. Bonyeo bado lipo.

Mume wangu alipoondoka hakuna mwanamume aliyetaka besi. Wote walikimbilia zile nyepesi, maana huku kwetu kila safari ni kupanda au kushuka, hakuna kutembea tu. Akaichukua mjukuu wangu, huyu wa kike niliyemlea mimi. Alianza na ndogo ya babu yake, akakua, akazipiga zote mbili. Kazi yake ni mgumu. Usicheke, mgumu ndiyo tunavyowaita wanaobeba mizigo ya watalii mlimani. Shingo yake ni kama ya fahali na pumzi yake ukimpa moto wa kuni mbichi anaupuliza unawaka. Lakini hapo kanisani, miaka yote, hakuna aliyemwita mpigaji. Ukiuliza, "Huyu nani?" wanakujibu, "Aa, huyu ndiye anabebaga besi." Anabeba! Kama vile besi inajipiga yenyewe, yeye ni punda wake.

Mwaka huu akaja mwalimu wa okestra kutoka mjini. Okestra ni wale wanaokaa wamevaa nyeusi kama wafiwa, walio wengi wanakuna vayolini, na kule nyuma ndiyo wanakaa wa tarumbeta. Ni kijana wa miwani, amekulia Dar, anaongea kama mtu anayekimbizwa na mvua: "Shikamoo bibi, sasa, yaani, nimesikia eti kuna dada anapiga tuba huku, ni kweli au ni stori tu?"

Nikamrudishia kwa sauti yake ile ile: "Marahaba, sasa, yaani, ni kweli, ila kaa kwanza upumue."

Akacheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Nikampenda hapo hapo. Mtu ukimwigiza usoni akacheka, huyo hana roho mbaya.

Alimsikiliza mjukuu wangu pale uani, halafu akatueleza. Watapiga muziki mkubwa, kwenye kanisa kubwa la mjini, na mtu wa besi hana. Ndani ya muziki huo kuna mahali wote wananyamaza, vayolini zinabaki kunong'ona, halafu besi inaimba peke yake. Si ile bum-bum ya kwenye maandamano. Inaimba wimbo, tena juu, mahali besi haijazoea kwenda. Halafu mwisho kabisa wote wanalipuka, na hapo besi inatakiwa ishuke chini iwabebe wote mgongoni.

Mjukuu akauliza, "Sasa nije na besi ipi? Kubwa au ndogo?"

Kijana akajikuna kichwa. "Dada, hapo ndo pagumu. Huu muziki kuna wanaoupigia kubwa, kuna wanaoupigia ndogo. Kubwa ikigoma kuimba, tumekwisha. Ndogo ikishindwa kutubeba mwishoni, tumekwisha vilevile. Uchague mwenyewe, uje nayo Jumamosi ijayo kwenye mazoezi, Njoro, pale mjini. Ila ukija na hiyo ndo hiyo, sina muda wa kujaribu jaribu. Ikigoma itabidi nimwite jamaa mmoja wa Arusha."

Akanywa mtori wake, supu yetu ya ndizi, akashuka zake. Mjukuu wangu akabaki ameshika bakuli la mgeni, haliweki chini. Nilimwelewa. Kwenye ile okestra kuna kiti, na atakayekaa kwenye kiti kile hataitwa mbebaji.

Jumapili baada ya ibada tukasimama nje, wazee wa tarumbeta wakajikusanya kwenye nyasi. Nikasikia: "Khm. Khm-khm."

Nikajua sasa yamekuja.

"Jambo hili ni rahisi," mwenyekiti akasema. "Apewe ndogo. Ile kubwa si ya wasichana. Itamwelemea, na kule mjini ni aibu ya usharika mzima."

Wazee wakaitikia kwa vichwa kama mbuzi wanaotafuna. Mjukuu wangu, aliyeshuka mlimani juzi tu na begi la mgeni kichwani na la kwake mgongoni, akauma mdomo akatazama viatu vyake. Kwa adabu hawezi kumjibu mzee. Mimi adabu zangu nilizimaliza zamani.

"Mwenyekiti," nikamwambia, "huyu akiamua kukubeba wewe, atakufikisha kambi ya Mandara kule mlimani na kukurudisha chai haijapoa. Labda uwe umekula."

Watu wakaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka, tumbo likapanda na kushuka. Lakini neno lake hakulifuta. "Ndogo," akasema. "Mama, ndogo."

Basi nikapandwa na hasira. Nilikuwa bado sijawaza besi ipi inafaa nini, ila pale nikawaza moja tu: kubwa! Siku ya soko nikaenda na ndizi zangu, nikazitandaza, na kabla sijauza hata mkungu nilishamtangazia kila mtu. "Mjukuu wangu anaenda kupiga na okestra, na anakwenda na ile besi kubwa ya Wajerumani. Mje muone." Akina mama wa kikundi chetu wakanunua kitenge cha sare. Mmoja wa kule kwetu Kilema, maana mimi nilizaliwa Kilema kwa Wakatoliki, nikaolewa huku kwa Walutheri, akaniambia kwa Kiswahili chake kizito cha kuburuza: "Daada, haata siisi wa Roma tutashuuka kuiona hiyo beesi." Nikauza ndizi zote siku ile. Majivuno nayo ni biashara.

Wiki ile mjukuu hakupanda mlima. Alikuwa anafanya mazoezi nyuma ya zizi, mara kubwa, mara ndogo, wimbo ni ule ule, ng'ombe akagoma kushusha maziwa. Nikimwangalia nikaona hana raha. Mwisho akaja jikoni, akakaa kwenye kigoda, mikono kwenye magoti.

"Bibi, sisikii."

"Umezibwa masikio?"

"Nasikia kila kitu isipokuwa mimi. Nikiikumbatia hii besi, sikio limelala kwenye chuma, nasikia tumbo langu tu. Sauti inatoka kule juu inaenda zake. Sijui inafikaje kwa watu."

Nikamwambia, "Babu yako alikuwa ananipeleka ng'ambo ya korongo."

Akaniangalia. Nilikuwa sijawahi kumsimulia.

Pasaka alfajiri huku kwetu watu wanaamshwa na tarumbeta, upande huu wa korongo na upande wa pili. Kabla ya siku hiyo, wapigaji walikuwa wanasimama huku kwetu wanapiga, na wake zao wanatumwa kuvuka korongo wakasikilize. Ambaye sauti yake haifiki ng'ambo anabadilishiwa tarumbeta au anabadilishiwa mahali pa kusimama. Sasa wenzangu walikuwa wakirudi wanasema, kwa sauti ya asali, "Nzuuri tu, baba nanii, nzuri sana." Nani atamwambia mumewe amesikika kama chura? Mimi nilikuwa narudi na sauti yenyewe mdomoni. Nasimama mbele ya mume wangu, nafutua mashavu, nampigia vile alivyofika kule, makosa yake na yote. Alikuwa anakasirika, anakwenda kukaa kwenye migomba peke yake, halafu anarudi anasema, "Nipigie tena pale katikati." Hivyo ndivyo alivyokuwa akijisikia.

Mjukuu akainuka. "Nenda ng'ambo, bibi."

Nikashika fimbo yangu nikashuka korongoni, nikavuka kwenye magogo, nikapanda upande wa pili kwa makalio na kwa magoti, siku hizi mwili unajadiliana na mimi kwanza. Kule juu kando ya mfereji kuna jiwe, na kando ya jiwe kuna nyumba ya bibi mwenzangu, tumechokozana tangu tukiwa mabibi harusi. Alikuwa anapukuchua maharage.

"Umekuja kuomba chumvi au kunisema?" akauliza.

"Nimekuja kusikiliza besi."

"Basi kaa. Mimi nakusindikiza tu, siku hizi hata radi lazima nielezwe."

Nikakaa. Nikanyoosha mkono juu na kanga yangu, mjukuu akaniona, akaanza.

Akaanza na kubwa. Nisikufiche, moyo wangu ulikuwa umeshachagua, nilikuwa nimekuja kuikubali tu. Na ile sauti ya chini ilipokuja, ilikuja kama ardhi imesogea. Jiwe nililokalia lilitetemeka, au ni mimi. Yule mwenzangu asiyesikia radi akasimamisha maharage, akasema, "Ni nini hicho?" Nikamwambia, "Ni damu yangu hiyo."

Halafu ukaingia ule wimbo wa juu. Nikasubiri. Nikaona, hapana, ni upepo, nikasogeza kilemba nikatoa sikio nje. Ilikuwa kubwa, ilijaza korongo lote, lakini wimbo wenyewe ulikuwa umelala ndani yake kama mtoto ndani ya blanketi zito, unaona kuna kitu kinasogea, hujui ni mkono au mguu. Noti moja ilikuwa bado haijaondoka, ya pili ishaikalia.

Akaweka chini, akachukua ndogo. Ile ya chini haikutetemesha jiwe. Mwenzangu aliendelea na maharage yake. Nikafurahi, nikasema moyoni, haya, imekwisha, kubwa. Ndipo wimbo ukaja. Ukavuka korongo noti moja moja, kila moja na miguu yake, kama mtu anakuita jina kutoka upande wa pili na unajua ni nani, na unajua amebeba nini, na hana haraka. Nilisahau nimekuja kufanya nini pale.

Nikarudi polepole sana. Njia nzima nilikuwa nagombana na nafsi yangu. Akina mama na sare zao. Watu wa Kilema. Na yule mzee na kikohozi chake, nitamsikia mpaka kaburini: si nilisema, ndogo.

Mjukuu alikuwa ananisubiri kwenye mpaka wa shamba. "Usiniambie ipi nzuri," akasema. "Niigizie tu."

Sasa, mimi naweza kumwigiza mtu akatoka mzuri, naweza kumwigiza akatoka mbaya. Mchungaji nimeshamwigiza akatoka malaika, siku ile ile jikoni akatoka jogoo. Ningetaka, kubwa ingetoka mdomoni kwangu inaimba kama ndege na yule mtoto asingejua. Nikafutua mashavu. Nikampigia kubwa kama ilivyofika: ile ardhi, halafu lile blanketi. Nikampigia ndogo kama ilivyofika.

Alicheka kwanza, maana naambiwa nikipiga besi macho yananitoka. Halafu akaacha kucheka.

"Nipigie tena ile kubwa. Pale juu."

Nilishtuka kidogo, alisema vile vile kama babu yake. Nikampigia tena. Akakaa kwenye ukingo wa mfereji, akatia miguu majini.

"Ndogo," akasema.

"Mjukuu wangu, mwenyekiti atasema ameshinda."

"Aseme."

"Na mimi nimewaambia soko zima!"

"Najua. Nimekutana na watu wa soko zima." Akacheka kwa pua. "Bibi, siku ya kupanda kileleni unajua tunafanyaje? Mahema, masufuria, magunia, vyote vinabaki kambini. Mgeni anapanda na kibegi cha maji na sweta. Si kwamba wagumu tumeshindwa kubeba hema. Kileleni hupeleki hema, basi. Huu wimbo ni kilele. Hema ntalibeba siku nyingine."

Nikamvulia kanga yangu aifungie ile ndogo. Watu wanaonijua hawataamini.

Jumamosi tukashuka Njoro na besi ndogo imefungwa kwenye kanga yangu. Ukumbi ulikuwa mdogo, vayolini zinakwaruza kama kuku kwenye mabati. Kijana wa miwani akaiona, akaona bonyeo, akasema, "Sawa, tusikie." Ule wimbo wa juu mjukuu aliupita vizuri, wenzake wakageuza shingo kumtazama. Lakini mwishoni, walipolipuka wote, hakusikika kabisa. Ni kama mtu anawaombea watu sokoni. Kijana akasimamisha. Nikajiona nikirudi na mtoto wangu nyumbani, na jamaa wa Arusha akipanda basi.

Kijana akatembea huku na huku, mkono kwenye ndevu. "Ngoja, ngoja, ngoja. Dada, hamisha kiti. Kaa kwenye kona kabisa, mdomo wa besi uelekee ukuta. Ukuta utakusaidia. Na nyie trombone, jamani, mnapiga kama mnadaiwa, punguzeni, mwacheni dada apite."

Wakarudia. Ukuta ukaichukua ile sauti ukairudisha imenenepa. Haikuwa tetemeko la ile kubwa, lakini ilikaa chini ya wenzake wote, na hakuna aliyedondoka. Kijana akavua miwani akafuta macho, na mimi nilishajua akiivua maana yake nini. Kiti kikawa cha kwake.

Siku yenyewe tulijaza mabenchi, sare yetu ya kitenge cha bluu na ndizi za njano. Kilema walikuja kweli. Mwenyekiti alikaa nyuma yangu, na tarumbeta yetu yote walikuja pia, maana walipangiwa kupiga nje, kuwaaga watu. Okestra ikaingia imevaa misiba yake, na wa mwisho mjukuu wangu, nguo nyeusi, shingo ile, na besi ndogo ya babu yake kwapani. Akina mama wote wakageuka kuniangalia mimi. Na nyuma ya kisogo changu:

"Khm. Khm-khm. Si nilisema? Ya wasichana."

Sikugeuka. Nilikuwa na maneno ya kutosha kumvua koti, ila nilikuwa nimeyaamuru yakae.

Muziki ni mrefu, siwezi kusema uongo, katikati mwenzangu mmoja alisinzia nikamfinya. Kisha wote wakanyamaza. Vayolini zikabaki kunong'ona. Na kutoka kule kwenye kona, ukutani, besi ikaimba. Kanisa lile ni kubwa, sisi tulikaa mbali, mbali kama ng'ambo ya korongo, na kila noti ilikuja ikakaa mapajani mwangu. Nilisikia mtu nyuma yangu anavuta pumzi ya kukohoa. Akaishika. Akaishika mpaka wimbo ukaisha, nikadhani tutamzika, halafu akaiachia pole pole, bila kikohozi. Miaka yote ninayomjua yule mzee, hicho ndicho kikohozi pekee alichokimeza.

Watu walisimama kupiga makofi. Kijana wa miwani akamwinua mjukuu wangu kwanza, kabla ya vayolini, akanyoosha mkono kule kwenye kona, na yule mama wa Kilema akapiga vigelegele kanisani kwa Walutheri bila kuomba ruhusa.

Tukatoka nje. Tarumbeta yetu wako mlangoni wanapiga, na besi kubwa ameshika kijana mmoja mnene wa kwetu, jasho linamtoka, kila baada ya mstari anaitua kwenye ngazi kupumzika. Mjukuu wangu akatoka na nguo yake nyeusi. Akanijia, akaniwekea besi ndogo mapajani, maana nilikuwa nimekaa kwenye ukuta wa maua miguu inaniuma. "Nishikie, bibi." Akaenda kwa yule kijana, akamgusa bega. Yule akaiachia kama anayetuliwa mzigo wa kuni. Mjukuu akaipandisha kubwa kifuani, akaikumbatia, na akiwa anatembea, si amesimama, anatembea, akapiga. Wote wakamfuata. Akawatoa getini, akawapeleka mpaka barabara ile inayopanda, anapiga anapanda, na vioo vya magari yaliyoegeshwa vinalia. Kule juu barabarani akageuka akashuka nao anapiga bado. Bum, na bum. Hema lilitoka kambini siku ile.

Mwenyekiti alikuja akasimama kando yangu, mikono nyuma.

"Mama," akasema. "Kumbe anaiweza."

Nikakohoa. "Khm. Khm-khm. Ile kubwa si ya wasichana. Itamwelemea."

Akanitazama. Midomo ikaanza kumcheza, halafu akacheka cheko la kupinda mgongo, mpaka akashika ukuta. Mtu mmoja akapita, mgeni, mama wa mjini na mkoba, akamwonyesha mjukuu wangu akauliza, "Samahani, yule dada ni nani?"

Mwenyekiti akajinyoosha, akasahau hata kukohoa. "Yule? Yule ndiye mpigaji wetu wa besi."

Nilikuwa nimekumbatia ile ndogo, bado ina joto lake, na kile kitundu chake cha kutolea mate kinadondosha tone kwa tone kwenye kitenge changu kipya. Nikaliacha lidondoke.